Likizo ya uzazi inaisha wiki ijayo na moyo umekataa kurudi kazini. Wazoefu, pesa nazipangaje?

#1 KitengeChaBluu
Habari zenu wakuu. Nina mtoto wa kwanza, ana wiki tisa. Likizo yangu ni zile siku 84. Nilianza wiki mbili kabla ya kujifungua, kwa hiyo imebaki wiki moja tu niripoti.

Niko upande wa hesabu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ofisi iko Posta, katikati ya Dar, nakaa Chanika, pembezoni mwa jiji. Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Jana nimekaa na daftari, matokeo ni haya.

Mshahara 850,000. Ukitoa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kodi na mkopo wa chuo, mkononi inafika 568,000 na vichenji. Dada wa kazi 100,000. Nauli 3,200 kwa siku mara siku 24, ni 76,800. Chakula cha mchana 72,000. Maziwa ya kopo, maana nikiondoka saa zote hizo hanyonyi, makopo manne kwa 28,000, ni 112,000. Inabaki laki mbili na elfu saba.

Laki mbili na saba ndiyo nimwache mwanangu saa kumi na tano kila siku? Nina milioni 3 benki, mume ni fundi umeme, kipato chake leo kipo kesho hakipo. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye pochi. Nisaidieni: kuna fao lolote nitapata? Hiyo milioni 3 niiweke wapi? Walioacha kazi kama mimi wanaishije?

#2 Lambalamba
Hongera sana mama. Peleka barua. Mimi niliacha 2019, sijawahi kujuta hata siku moja. Mwanangu alipiga hatua ya kwanza mbele yangu, sikusimuliwa na dada.

#3 Fundi Hesabu
Hongera dada. Kabla barua haijatoka kwenye pochi, turudi kwenye daftari lako, kuna vitu umevihesabu kama vimepotea kumbe ni vyako.

NSSF unakatwa 85,000, na mwajiri anaweka 85,000 nyingine juu yake. Hiyo ni 170,000 kila mwezi inaingia kwa jina lako. Bodi ya mikopo wanakata asilimia 15, yaani 127,500, na hilo deni halifutiki kwa kuacha kazi. Ukijiajiri bado unatakiwa kulipa, kiwango cha chini laki moja kwa mwezi. Sasa jumlisha: 207,000 yako, 170,000 ya NSSF, 127,500 ya deni linalopungua. Kazi inakuachia kama laki tano na elfu nne, si laki mbili. Hapo sijagusa bima ya afya.

Sisemi usiache. Nasema usiache kwa hesabu pungufu.

#4 Kokoto
#3 umeongea kihasibu mno. NSSF hailiwi, mtoto analia leo. Aache kazi, akachukue hela yake NSSF, aitupe kwenye hatifungani za UTT (ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja), gawio linaingia kila mwezi ananyonyesha huku amekaa. Kazi imeisha.

#5 KitengeChaBluu
@Kokoto hilo ndilo lilikuwa wazo langu. Nina miaka minne kazini. Nikipata yote si inafika milioni 8?

#6 Fundi Hesabu
Miezi 48 mara 170,000 ni 8,160,000, kama mshahara haukuwahi kubadilika. Ila Kokoto kakosea, na kosa lenyewe ni zito.

Zile zama za kuacha kazi na kwenda kubeba michango yako yote zilipita. Sasa hivi kuna fao la upotevu wa ajira: unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Masharti yake ni kwamba uwe umechangia angalau miezi 18, uwe chini ya miaka 55, na kubwa kuliko yote, usiwe umeacha kazi kwa hiari yako. Barua iliyoko kwenye pochi ndiyo hiari yenyewe. Ukiipeleka, fao hilo umelifunga kwa mkono wako.

Pesa yako haipotei, inabaki kwenye mfuko. Ila kuigusa leo kwa ajili ya nepi na uji, sahau. Na pensheni ya kila mwezi uzeeni inataka miezi 180 ya michango. Wewe una 48.

Na gawio la kila mwezi pale UTT, Mfuko wa Hatifungani unataka uwe na angalau milioni 10. La kila miezi sita, milioni 5. Kuanza ni 50,000 tu, ila hapo faida inabaki ndani ya mfuko wa UTT inakua, hailetwi kila mwezi.

#7 Kokoto
Nimekubali hilo la kuacha kwa hiari, sikulijua, asante. Lakini hoja yangu kuhusu mtoto iko palepale.

#8 Mama wa Pacha
Mbona hakuna aliyemwuliza swali la kwanza kabisa? Dada Kitenge, FAO LA UZAZI umelidai?

Mwanamke mwenye michango ya miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua, analipwa. Ni wastani wa kipato chako cha siku mara siku 84. Kwa mshahara wako hiyo ni zaidi ya milioni mbili. Na haigusi mshahara wa likizo anaokulipa mwajiri. Mimi nililipwa vyote viwili.

Mimi niliambiwa nipeleke madai ndani ya siku 90 baada ya kujifungua. Wewe mtoto ana wiki tisa, hizo ni siku 63. Hesabu mwenyewe.

#9 KitengeChaBluu
Mungu wangu. Sijadai. Kazini hakuna aliyeniambia.

#10 Mama wa Pacha
Kesho asubuhi, mgongo na mbeleko. Beba cheti cha kuzaliwa au tangazo la kizazi, kadi ya kliniki, kitambulisho, namba ya uanachama, taarifa za benki. Fomu ina sehemu ya mwajiri kugonga muhuri, ndiyo maana nasema nenda ukiwa bado mfanyakazi wao. Ukishapeleka barua ya kuacha, muhuri wa ofisi unaweza kuusubiri mpaka mtoto aote meno.

Uzao wangu wa pili sikuwahi. Nilikuwa na presha baada ya kujifungua, nikalala wodini, nikaja kukumbuka mtoto ana miezi mitano. Nikaambiwa muda umepita. Niliondoka pale nikiwa nimeshika ile fomu tupu, nikapanda daladala nikapitiliza kituo.

#11 Kigogo wa Busati
Pole Mama Pacha. Ila mimi niseme ukweli usiopendwa. Wanawake wa zamani walijifungua, wakarudi shambani na mtoto mgongoni. Siku hizi mnaleta daftari. Rudi kazini, mtoto atakua.

#12 Lambalamba
@Kigogo, huyo wa shambani alikuwa NA MTOTO MGONGONI. Umejijibu mwenyewe babu yangu. Mruhusu Kitenge aingie Posta na mbeleko tuone.

#13 Mwalimu Chaki
Kigogo tunamjua, uzi ule wa ada alikuwa hivihivi. Tumpe chai.

Dada, mimi ni mwalimu, mtumishi wa umma, sisi tuko PSSSF, mfuko wa hifadhi wa watumishi wa umma. Mtoto wangu wa pili alizaliwa na shida ya mapafu. Sikuacha kazi, niliomba likizo bila malipo. Mshahara ulisimama, tukala ugali na dagaa, lakini kazi ilinisubiri. Wenzangu wawili walioandika barua za kuacha wanaomba ajira upya mpaka leo kwenye mfumo. Muulize mwajiri wako kama anakubali likizo bila malipo ya miezi mitatu. Akikataa umepoteza nini? Barua bado unayo.

#14 NesiWaZamu
Nimesoma hapo juu makopo manne ya maziwa kwa mwezi, nikashindwa kupita kimya. Mtoto wa wiki tisa anatakiwa maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Kurudi kazini si lazima kuhamia kwenye kopo.

Kamua. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa nje kwa muda usiozidi saa 4 tangu kukamua, lakini kwa joto letu la Dar usiyapeleke huko mwisho. Kwenye friji, si mlangoni bali nyuma kabisa, yanakaa mpaka siku 4. Andika tarehe kwenye chombo, tumia ya zamani kwanza. Usiyachemshe. Weka kikombe kwenye bakuli la maji ya moto. Na mfundishe dada kumnywesha kwa kikombe na kijiko.

Hapo 112,000 yako imerudi. Daftari likubali au likatae.

#15 Chumvi Kidogo
Nesi nakuheshimu, ila kukamua ofisini unakuzungumzia ukiwa wodini. Mimi nilikuwa nakamulia stoo ya makaratasi. Naegemeza kiti mlangoni kwa sababu hakuna komeo, taa imeungua, nimewasha tochi ya simu nimeibana kidevuni. Mara moja mhudumu alisukuma mlango kufuata karatasi, chupa ikaanguka. Nilikaa sakafuni nikaangalia maziwa yanavyoingia kwenye boksi la rimu. Mililita mia na kitu, nusu saa ya kukamua.

Wiki ile ile niliacha. Si kwa sababu ya pesa.

#16 NesiWaZamu
Pole sana mama. Hilo nalikubali, na lilikuwa kosa la ofisi, halikuwa lako.

#17 Wakili wa Kata
Kuna mambo ya kisheria yametajwa nusunusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004:

Kwanza, mama anayenyonyesha ana haki ya kupewa mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi amnyonyeshe mtoto. Wengi hawaijui. Anayekaa mbali, kama dada wa Chanika, anaweza kukubaliana na mwajiri saa hizo mbili ziwekwe mwishoni: atoke saa tisa badala ya saa kumi na moja jioni. Omba kwa maandishi.

Pili, siku 84 ni za mtoto mmoja. Pacha ni siku 100. Marekebisho ya 2025 yakaongeza muda kwa mama aliyejifungua njiti.

Tatu, notisi. Mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28. Na notisi haitolewi ndani ya likizo wala haiendi sambamba nayo. Kwa hiyo Kitenge, ile barua ya kwenye pochi kama umeandika "notisi yangu inaisha pamoja na likizo yangu", hapo una tatizo. Wanaweza kukudai mshahara wa mwezi.

Nne, kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia, kisichozidi miaka 10, ni cha mtu aliyeachishwa na mwajiri. Aliyeacha mwenyewe hakimhusu. Anachopata ni mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ya mwaka ambayo hakuitumia, na cheti cha utumishi.

#18 KitengeChaBluu
@Wakili nimetoa barua kwenye pochi nimesoma. Nimeandika hivyo hivyo ulivyosema.

#19 Fundi Hesabu
Usiichane bado, ila usiipeleke.

#20 Baba Wawili
Naomba niongee kama mume. Mke wangu aliacha kazi 2021 tukiwa na mtoto wa pili. Tulikaa mezani. Nikamwambia, hapa nyumbani hakuna mtu asiyefanya kazi. Kila mwezi mshahara ukiingia, 150,000 inahamia kwenye akaunti yake kabla sijanunua hata kilo ya mchele. Si ya matumizi ya nyumbani, ni yake. Kwenye hiyo anajichangia NSSF kama mtu aliyejiajiri (wanapokea kuanzia 30,000 kwa mwezi), inayobaki anaiweka Mfuko wa Ukwasi UTT. Ule wa Ukwasi una laki moja ya kuanzia, na ukiihitaji unaitoa ndani ya siku chache za kazi. Michango yake ya zamani haikulala, inaendelea kuelekea ile miezi 180.

Mke aliyeacha kazi asiombe hela ya vocha.

#21 Lambalamba
Baba Wawili una mdogo wako ambaye hajaoa?

#22 Baba Wawili
Yupo, ila yeye ni wa timu ya Kigogo.

#23 Chumvi Kidogo
Baba Wawili Mungu akuweke. Lakini kwa mume mwenye mshahara hilo linawezekana. Mume wa Kitenge ni fundi umeme. Mwezi wa mvua hakuna tenda. Hiyo 150,000 itatoka wapi?

#24 Sauti ya Mnazi
Na mume akibadilika je? Hapa wote mnaongea kama ndoa ni benki kuu. Dada yangu aliacha kazi alee watoto, miaka kumi na moja. Siku ya talaka akaambiwa nyumba haina jasho lake.

#25 Mtaa wa Sita
@Sauti aende mahakamani. Kuna ile kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango, na yule mama akapewa nusu ya mali.

#26 Wakili wa Kata
Nusu ya kwanza ni sahihi, ya pili siyo. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kanuni hiyo inatumika mpaka leo. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupewa mgawo zaidi, kwa sababu mumewe alishampa fedha za kuanzisha mradi na mahakama ikaona alizitapanya. Kanuni ilishinda, yeye hakushinda.

Dada yako mwambie atafute msaada wa kisheria. Mchango unatakiwa uthibitishwe: risiti za ada, ujumbe wa simu, majirani walioona ujenzi unasimamiwa na nani. Na sheria hiyo hiyo, kifungu cha 63, inamwajibisha mume kumtunza mkewe kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo aliyeacha kazi hakuachwa mikono mitupu, ila mahakamani unakwenda na ushahidi.

#27 Sauti ya Mnazi
Asante Wakili. Nitamtumia huu uzi.

#28 Mvita01
Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu sheria ya ajira ya 2007 yampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili na baba wiki mbili. Nimesikia huko baba apewa siku tatu?

#29 Wakili wa Kata
Ndiyo ndugu yangu, siku 3. Akishahama wodini na mifuko, zimeisha.

#30 Mvita01
Basi hapo pana kazi. Wajomba zangu huku wamezaa wakakaa wiki mbili nzima, mke akapumua. Kwa mama asiyerudi kazini, wengi wetu hutegemea chama, kikundi cha kuchangiana pesa. Dada yangu aliuza mahamri na mbaazi asubuhi, akifika saa tatu amemaliza, mtoto bado amelala.

#31 Kokoto
Mahamri na mbaazi za Mombasa usizitaje saa hizi, kuna watu hatujala.

#32 Lambalamba
Sasa hapo ndipo penyewe. Naomba nieleze nilivyoishi, maana wengi mnadhani niliacha kazi nikakaa.

Nilikuwa kwenye mchezo wa kupeana pesa kwa zamu na wenzangu kumi, 20,000 kila wiki. Nikamwomba kijumbe anipangie mapema. Nikapokea laki mbili, nikanunua friji la mtumba kwa kuongezea, nikaanza lambalamba za ubuyu na ukwaju, ndiyo asili ya jina langu humu. Shule iko hatua hamsini kutoka mlangoni. Mwaka wa kwanza faida haikuzidi 5,000 kwa siku, siku za mvua sifuri, likizo za shule sifuri. Mwaka wa pili nikaongeza nguo za watoto za mtumba. Nafungua belo na wenzangu, tunagawana.

Kwenye halmashauri kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Mnakuwa kikundi cha kuanzia watu 5, mnasajiliwa, mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Sisi tulipata. Kufuatilia kulichukua muda, msiende mkidhani ni ya wiki moja.

#33 Mama Kijiweni
Lambalamba asante kwa ukweli wa likizo za shule. Na mimi nitoe tahadhari. Usiguse kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa.

Niliacha kazi nikiwa na 400,000 tu, nikajiambia biashara itajipa. Mwezi wa tatu nikakopa laki mbili, marejesho kila siku. Nikakopa kwingine kulipa kule. Siku wamekuja, wamebeba friji. Maziwa ya mtoto yaliyokuwa ndani waliyatoa wakayapanga juu ya meza vizuri, moja moja, kisha wakaondoka na friji. Nilisimama naziangalia zile chupa zinatoka jasho.

Dada Kitenge, kama una milioni 3, usianze biashara na milioni 3. Anza na laki tatu.

#34 Fundi Hesabu
Post #33 isomwe mara mbili.

Niongeze kuhusu milioni 3. Mfuko wa Hatifungani umekuwa ukizunguka kwenye asilimia 12 kwa mwaka. Si ahadi, ni historia. Milioni 3 hapo ni kama 30,000 kwa mwezi. Haikulishi. Hatifungani za Serikali zenyewe kupitia Benki Kuu zinaanzia milioni 1, riba inalipwa kila miezi sita, lakini usifunge hela ya dharura kwenye karatasi ya miaka 20. Milioni 3 kwa mama mwenye mtoto mchanga na mume wa vibarua si mtaji wala uwekezaji. Ni miezi sita ya kupumua.

#35 Chumvi Kidogo
Miezi sita ya kupumua ndiyo anayoitafuta, Fundi. Mtoto anakuwa na miezi minane, anakula uji, ndipo anatafuta kazi nyingine. Kwa nini isiwe hivyo?

#36 Fundi Hesabu
Inaweza kuwa hivyo. Kama kazi nyingine ipo.

#37 Mwalimu Chaki
Na bima? Nimeona #3 kaitaja tu akapita. Bima ya kampuni ikikatika, mtoto naye anakatika siku hiyo hiyo. Wangu alilazwa siku tisa kwa nimonia: oksijeni, sindano, kipimo cha kifua. Kadi ilibeba yote. Kitandani jirani alikuwa mama aliyeacha kazi mwezi mmoja kabla. Kila daktari akiandika kitu, yeye anauliza "hiki ni shilingi ngapi?" kabla ya kuuliza ni cha nini.

Mume akiwa na bima ya kazini, hamieni kwake kwanza. Kama hana, ulizeni NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, vifurushi vilivyopo sasa. Msitegemee bei za zamani.

#38 Kigogo wa Busati
Nimesoma yote. Naomba nirekebishe #11. Niliandika vibaya. Mke wangu alirudi kazini mapema sana kwa sababu mimi sikuwa na kazi, na sikuwahi kumwuliza ilikuwaje. Nimemwuliza jana usiku. Tumeongea mpaka saa saba.

#39 Lambalamba
Babu yangu. Leo chai ni yangu.

#40 Mtaa wa Sita
Kitenge ana mkopo wa benki? Hilo hatujauliza. Mimi niliacha kazi nikiwa na mkopo wa mshahara. Nilidhani bima ya mkopo inalipa. Kumbe inalipa ukifa au ukipata ulemavu, kuacha kazi haimo. Nimelipa miaka miwili kwa hela ya kuku.

#41 KitengeChaBluu
Mkopo wa benki sina, ashukuriwe Mungu. Wa chuo tu.

Mrejesho, wakuu. NSSF nimekwenda, nimepata fomu. Ofisini nikaenda na mtoto. Bosi akampakata, fomu ikagongwa muhuri hapo hapo. Nikauliza likizo bila malipo, akasema hapana, mwisho wa mwaka wa hesabu umekaribia. Nikatoa barua ya saa mbili za kunyonyesha niliyoandika kwa kufuata #17. Akaisoma mara mbili. Akasema nitatoka saa tisa mpaka mtoto afikishe miezi sita, halafu tutaongea.

Kwa hiyo narudi Jumatatu. Sijui kama ni kurudi kweli au ni kuchungulia. Mume anasema tujipe miezi mitatu, fao likiingia tusiliguse. Barua nimeitoa kwenye pochi, iko kwenye droo chini ya kanga.

#42 Chumvi Kidogo
Saa tisa ukitoka Posta, Chanika unafika saa ngapi?

#43 KitengeChaBluu
Foleni ikiwa nzuri saa kumi na moja kasoro. Atakuwa macho.

#44 Lambalamba
Mimi bado nasema ungeacha. Lakini nakuombea.

#45 NesiWaZamu
Umeanza kukamua? Anza leo, usisubiri Jumatatu. Asubuhi maziwa ni mengi, kamua titi moja wakati ananyonya lingine.

#46 KitengeChaBluu
Nimeanza juzi. Nina vikombe sita kwenye friji la jirani, vimeandikwa tarehe. Nimenunua na kile kimkoba cha barafu.

#47 Mama Kijiweni
Kimkoba umepata wapi? Mdogo wangu anajifungua mwezi ujao.

#48 KitengeChaBluu
Kariakoo, mtaa wa Kongo. Wataanza na elfu ishirini na tano. Mimi nimechukua kwa kumi na tano, na kibarafu kimoja cha ziada juu.